Mama Zege

Kaveke alikuwa dereva wa malori ya masafa, na kila aliporudi Kambu alirudi na hoteli za watu mdomoni. Mara kibanda cha samaki Jinja, mara baa ya Kigali yenye mishikaki, mara mama fulani wa Tanga aliyemlisha zege, yaani chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai. Kwa watu wa Kambu zege ni saruji na kokoto, kwa hiyo walicheka sana. Mkewe Mbinya, aliyekuwa na hoteli yake hapo kando ya barabara, hakucheka. Alimwuliza hiyo zege hupikwaje.

Akaipika. Kaveke alionja kipande kimoja mbele ya wateja waliojaa, akagonga sahani kwa uma.

"Hii sasa ndiyo zege kweli! Leteni fundi ajenge ukuta!"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina likamganda Mbinya: Mama Zege. Wenye bodaboda walimwita hivyo, watoto wa shule wakaliimba. Naye Kaveke, kwa ujinga wake, alijiona hodari wa mzaha.

Mbinya alivumilia miaka, kisha akasema amechoka. Ataiacha hoteli aende Nuu kumlimia mamake. Kaveke hakumzuia.

"Si unapika muthokoi tu," alimwambia. "Nani atasimamisha gari juu ya mahindi na maharagwe?"

Siku ya mwisho Kaveke alikuja kumsaidia kubeba sufuria. Mpangaji mpya alikuwa ameshachukua ufunguo. Mezani palikuwa na mteja mmoja tu, dereva wa lori kutoka Tanga, aitwaye Hamisi, akifuta sahani ya muthokoi kwa kidole.

"Ndugu yangu," Hamisi alisema, bila kujua anaongea na nani, "nimekula Lusaka, nimekula Lubumbashi. Huyu mama hana mpinzani. Nikifika nyumbani namsimulia mke wangu chakula cha hapa. Siku hizi nikianza tu, anainuka anaenda zake jikoni. Sijui nimemkosea nini."

Kaveke alijua. Alijua vizuri mno, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Muthokoi huo huo aliula nyumbani akitazama simu, na hakuwahi kusema hata asante.

"Mbinya," alisema akimgeukia mkewe. "Chakula yako inashinda zote nimekula huko nje. Usiende Nuu. Tutafute nyumba ingine hapa hapa, ufungue tena."

Mbinya alikuwa akikausha mikono kwa leso. Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtia Kaveke hofu.

"Baba Munyao, ile siku ulisema yako ya zege, hoteli ilikuwa imejaa," alisema polepole. "Leo umenisifu mbele ya huyu mgeni peke yake, na yeye alikuwa anajua tayari."