Utaona kwa Kanda

Usiku ambao kipindi cha Wangila kilirekodiwa, mdogo wake Festus Wakhungu alikuwa nje, ameshika antena. Bungoma ya mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa hivyo. Ukiiachilia nguzo, picha inakuwa chengachenga. Ukiikumbatia, inatulia kama mtoto aliyeshiba. Majirani walijaa sebuleni kwa Job, aliyekuwa na umeme na deki ya video, na ndugu ya mtu aliyekuwa kwenye televisheni akabaki nje na umande.

Wangila alifanya kazi Nairobi. Kipindi chake cha vichekesho kilikuwa cha mwisho kabisa, watoto wakiwa wamelala, kabla stesheni haijazima. Kila alipomaliza aliaga kwa ulimi wa kwao, makusudi, kila L akiitamka R: "Rareni sarama!" Watu walikesha kungoja maneno hayo mawili tu. Lakini usiku huo walicheka kabla hajaaga, wakacheka mpaka bati likatetemeka.

"Amesema nini?" Festus aliita dirishani.

"Shika hiyo chuma, bana!" Job akamjibu, machozi ya kicheko yakimtoka. "Wewe utaona kwa kanda."

Kipindi kilipoisha, Job alichukua bisibisi akavunja kijino cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, maana kikishavunjwa deki haikubali kurekodi juu yake. Akabandika karatasi, akaandika, akampa Phelista, mke wa Wangila, aitunze. Festus alikuwa anakwenda Kitale kutafuta kazi. Alisema ataitazama Krismasi. Krismasi haijafika, Wangila aliugua huko Nairobi, akaletwa nyumbani ndani ya sanduku.

Festus alikaa huko huko Kitale. Akawa fundi wa antena, kazi aliyokuwa ameianza bila mshahara. Kila mara aliposimama juu ya paa la mtu, alikumbuka ile kanda, akajiambia iko, haiendi popote. Kitu ukijua kipo, hukitafuti. Job naye akafa. Miaka ikaenda.

Mwaka wa 2009 alikuja Nakhungu, binti ya Wangila, aliyekuwa tumboni baba yake alipofariki. Hakuja kuomba karo wala nauli.

"Baba mdogo," alisema, "watu wote wanajua sauti ya baba isipokuwa mimi. Hata wauza mahindi wa soko la Kwanza wananiigizia, ati 'rareni sarama'. Nimechoka na wa kuigiza. Nataka yeye."

Festus aliuliza kwanza Nairobi. Stesheni ile ilikuwa imefungwa zamani. Mtu aliyewahi kufanya kazi pale alimwambia kwenye simu kwamba kanda zilikuwa ghali, kipindi kikishaonyeshwa walirekodi kingine juu yake. Hakuna kilichobaki.

"Wajinga hao," Festus alimwambia Nakhungu. "Haidhuru. Sisi tuko na yetu."

Akaifunga deki yake kwa blanketi, wakaenda Bungoma.

Phelista aliwakaribisha kwa chai, akaitoa kanda kabatini, imefungwa kwa leso. Nakhungu alivuta kiti mpaka magoti yakagusa televisheni. Festus akabonyeza. Picha ikaja: watu wengi, migomba, jeneza.

"Shemeji, umeleta ya mazishi," Festus alisema. "Leta ile ya kipindi."

"Iko hiyo moja tu."

Festus aliichomoa. Karatasi ya Job ilikuwa pale pale: WANGILA. USIFUTE. Akaigeuza. Juu ya tundu la kile kijino palikuwa na kipande cha selotepu, kimegeuka manjano. Ukiziba tundu hilo, deki au kamera inadanganyika na kurekodi upya. Yeye fundi alijua hilo. Akakaa.

"Nani aliziba hapa?"

"Thuo, yule mpiga picha. Kanda yake iliisha pasta bado anaomba. Akataka nyingine, nikampa hiyo."

"Imeandikwa usifute! Thuo hajui kusoma?"

"Alinisomea jina tu. Akasema, 'Mama, hii ni ya Wangila.' Nikamwambia, 'Si ndiyo huyo tunazika? Kama ni ya Wangila, mweke Wangila.'" Phelista aliitazama mikono yake. "Mimi sisomi, unajua. Na siku ile, shemeji, ungenipa majivu ningeyasonga ugali. Wewe unayesoma ulikuwa wapi?"

Nakhungu alikuwa ameichukua kanda na kuirudisha ndani ya deki, na jibu lilikuwa linatokea kwenye kioo. Kijana mwembamba mwenye koti la kuazima alisimama kando ya kaburi, akainua mkono watu wanyamaze.

"Msilie sana," kijana Festus alisema. "Mwili unakwenda, lakini sauti yake tuko nayo nyumbani, kwa kanda. Mtoto wake atazaliwa, na atamsikia."

Waombolezaji wakaitikia amina. Kila neno alilolisema lilikuwa linafuta neno la ndugu yake, na kamera ikimwangalia.

Kanda ikaendelea. Udongo ukajaa kaburi, nyimbo zikaimbwa, maua yakapangwa. Kisha picha ikaruka, ikapiga chenga, na Wangila akatokea, hai, tai imelegea, anamalizia jambo.

"... jogoo naye akasema, 'Dereva, hata mimi nashukia hapa!'"

Ukumbi wa Nairobi ukalipuka. Wangila akangoja, akatabasamu upande mmoja. "Rareni sarama." Wimbo wa taifa ukapigwa, kanda ikakata.

Nakhungu alicheka huku akilia. Akairudisha nyuma, akaitazama tena, na tena. Halafu akageuka.

"Huyo jogoo alikuwa anaenda wapi?"

"Nilikuwa hapo kwa Job," Phelista alisema polepole, "wewe ukiwa tumboni. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nakumbuka kicheko. Kilichonichekesha, sikumbuki hata kidogo."

"Baba mdogo?"

Angeweza kumtungia mwanzo. Jogoo, basi, abiria mkorofi, kitu kama hicho. Mtoto angeamini, na angewasimulia wanawe. Lakini Festus hakuwa mtu wa kupaka matope rangi.

"Sijui, mama. Mimi nilikuwa nje. Niliuliza amesema nini."

"Wakakwambiaje?"

"Waliniambia nitaona kwa kanda."

Nakhungu aliinamisha kichwa. Festus akabonyeza deki, kanda ikatoka. Akaiweka gotini, akatafuta ncha ya selotepu kwa ukucha. Ilikuwa imeshikana na plastiki kama kovu, ikawa inatoka vipande vipande. Aliendelea kuikwangua mpaka tundu likabaki wazi, ili mtu yeyote asiweze tena kurekodi juu yake.