Tangulieni Nyinyi

Rashid Boga wa Likoni alikuwa na kundi lake la taarab, na mwenyewe ndiye aliyepiga akodioni. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, kwenye tamasha huko Changamwe, bendi ya vijana ilimpandia jukwaani katikati ya wimbo, ikang'oa waya wa kipaza sauti chake na kuchomeka wake. Rashid alibaki anavuta akodioni mbele ya umati kama mtu akamuaye nguo. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Alirudi nyumbani, akaapa kwamba maadamu yu hai hatamkatiza mwanamuziki mwenzake, hatampandia, wala hatamfunika sauti. Kiapo hicho hakikumsumbua hata siku moja, mpaka alipokutana na mtu aliyemzidi adabu.

Ilikuwa harusi Mjambere, mwaka wa themanini na saba. Mama wa bibi harusi, Mwanakheri, alimwita Rashid. Bwana harusi, Ishaka, alikuwa kuli bandarini, na wenzake wa kazini, pasi na kumwambia mtu, wakampa zawadi ya bendi ya dansi kutoka Frere Town. Baada ya swala ya alasiri makundi yote mawili yakajikuta chini ya jukwaa moja la mbao, kila moja na vyombo vyake begani.

Kiongozi wa bendi ya dansi, Gershom Kaviha, mpiga gitaa, alikuwa mtoto wa mwalimu wa kwaya. Alikuwa amelelewa kwa fimbo asitoe sauti kabla ya mwenzake. Alimwendea Rashid, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Rashid alitazama mvi za Gershom, akaona ni nyingi kuliko zake. Kuitikia marahaba akaona ni ujeuri. "Shikamoo wewe," akasema.

"Haiwezekani. Shikamoo."

"Bwana, wallahi, shikamoo."

Walishikamooana hivyo mpaka Mwanakheri akaja mwenyewe kuwauliza nani anaanza.

"Hawa," akasema Rashid. "Wametoka mbali."

"Mbali wapi, mama? Frere Town ni hapo tu," akasema Gershom. "Hawa wamevuka feri. Watangulie."

Wakachomeka amplifaya zote mbili ili pasiwe na wa kwanza. Fyuzi ya nyumba ya jirani ikalipuka. Jirani aliikarabati kwa kipande cha waya, akawaambia umeme wake unabeba amplifaya moja tu. Hapo Rashid akachomoa yake mbio, asije akaonekana anang'ang'ania. Gershom naye alikuwa amekwisha kuchomoa yake. Jukwaa zima likabaki bila sauti.

Ikabidi wakubaliane watumie ya Gershom. Kwa kuwa amplifaya ni yake, Gershom akashikilia kwamba wimbo uwe wa Rashid. Akawaamuru vijana wake wapandishe vyombo vya taarab jukwaani. Rashid alipoona vyombo vyake vinapanda kabla ya vya wenzake alishikwa na haya, akawaamuru watu wake wapandishe vya dansi. Makundi yakakutana kwenye ngazi. Kila mmoja akarudi nyuma kumpisha mwenzake, na kwa kupishana huko fidla ikaishia kwa mpiga tarumbeta, tarumbeta kwa mpiga dumbaki, na hakuna aliyetaka kudai chake, kwani kumnyang'anya mtu kitu mkononi si ustaarabu.

Wageni walikuwa wameketi. Pilau ilikuwa imepoa. Kwenye mkeka pembeni Mwanarusi, mwimbaji wa Rashid, aligawana tambuu na Kanze, mwimbaji wa Gershom.

"Wenu ndivyo alivyo siku zote?" akauliza Kanze.

"Tangu Changamwe," akajibu Mwanarusi. "Wenu je?"

"Wetu alizaliwa hivyo."

Vyombo viliporudi kwa wenyewe, ikaja kazi ya kulinganisha nyuzi. Mpiga fidla akashusha zake zifuate gitaa. Gershom, wakati uleule, akapandisha zake zifuate fidla. Walipojaribu, kila mmoja alikuwa amehamia alikotoka mwenzake, na wakaachana kama mwanzo. Wakaombana radhi, wakarudia, wakapishana tena.

Hatimaye Rashid akatoa shauri. "Bwana Gershom, tupige pamoja. Hapo hakuna wa mbele wala wa nyuma."

"Hilo ndilo neno," akasema Gershom, na macho yake yakalowa kwa shukrani.

Wakapanda wote. Mpiga ngoma akahesabu, wakaanza. Lakini Rashid, akihofia kulifunika gitaa, akavuta akodioni polepole. Gershom, aliposikia akodioni imepungua, akadhani amemkosea, akapunguza na yeye. Fidla ikashuka. Dumbaki likapigwa kwa ncha za vidole, kisha kwa kucha. Kabla wimbo haujafika ubeti wa pili, watu kumi na wawili walikuwa jukwaani wakitokwa na jasho, mikono ikienda, mashavu ya mpiga tarumbeta yamevimba, na hakusikiki kitu.

"Wanapiga?" mgeni mmoja akanong'ona.

"Wanapiga. Wanaheshimiana."

Wageni nao wakaacha mazungumzo wasije wakawafunika. Mama aliyekuwa na mtoto anayelia akamtoa nje ya ua. Bibi harusi aliletwa kimya, akakalishwa kimya. Bi Mwanarehema, nyanya yake, ambaye masikio yalikuwa yamemwacha zamani, ndiye pekee aliyeinuka akacheza. Aliona mikono inavyokwenda, akaridhika. "Leo wamepiga vizuri," akasema kwa sauti kubwa, na watu wote wakamwashiria anyamaze.

Rashid alikuwa na furaha isiyo kifani. Hakuwahi kuwa na wenzake waungwana namna hii. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilimwingia taratibu kama baridi: alitamani mno kusikia wimbo wake.

Mwanarusi ndiye aliyeshindwa. Alitema tambuu, akapanda jukwaani, akakipita kipaza sauti kama hakioni, akaachia:

"Heshima ikizidia, huzaa njaa nyumbani,
Bi harusi angojea, aote mvi kichwani!"

Ua zima likaruka. Rashid akamkodolea macho: amewafunika wenzetu wa dansi! Kabla hajaomba radhi, Kanze alikuwa amepanda upande wa pili.

"Dada nami naingia, usinipishe njiani!"

Na kweli hawakupishana. Mwanarusi alipopanda juu, Kanze alipanda juu zaidi. Kanze alipovuta pumzi, Mwanarusi alilichukua lile neno mdomoni mwake. Rashid akaona mwimbaji wake anazidiwa, na mikono yake, bila ya kumwuliza, ikafungua akodioni mpaka mwisho. Gitaa la Gershom likazama.

"Samahani, bwana!" Rashid akapiga kelele.

"Usijali!" Gershom akajibu, akazungusha kitufe cha amplifaya yake hadi mwisho. Akodioni nayo ikazama. "Samahani na mimi!"

Rashid akasubiri uchungu wa Changamwe umrudie. Haukurudi. Alichokisikia ni gitaa likimwendea kwa kasi, likimwachia mwanya mdogo sana, nao ulimtosha. Akauingia. Gershom akacheka na meno yote. Wageni walikuwa wamesimama juu ya viti, na Mwanakheri alikuwa anapiga vigelegele huku sahani ya pilau baridi imemwagika begani mwake.

Walipiga mpaka ilipoadhiniwa magharibi, na hakuna aliyejua wimbo ulikuwa wa nani.

Mwezi uliofuata walialikwa pamoja Utange, na kabla ya hapo Gershom alivuka feri kwenda Likoni kwa mazoezi. Mke wa Rashid, akiwa jikoni, alisikia kelele barazani.

"Hapo umeniingilia!" alikuwa akisema Rashid.

"Sasa nisikuingilie, nikutazame tu?"

"Basi niingilie vizuri, bwana! Umechelewa!"

Mke akajifunga leso vizuri, akatoka kuwaamua. Akawakuta wanacheka, kila mmoja amekwisha kuanza upya.