Uyoga wa Mipichi Mipya

Mama ya bwana yangu, Mama Alphonsine, alishuka toka Pepa na kitunga cha uyoga. Anauchuma kule mulimani, chini ya mipichi ya shamba moja la zamani. Mweupe, mwekundu, wa manjano, wote anaujua, na majivuno juu yake!

Nikaupika na karanga. Akasema: «Claudine, kwetu mwenye kuchuma anakula kwanza. Wengine wanangojea mpaka jua lishuke.»

«Mama, hapa Kalemie mutoto ndiyo anakula kwanza.» Lucie wangu alikuwa analia njaa tangu asubuhi, nimungojeshe juu ya desturi ya mulimani? Nikamupakulia kwenye kisahani chake, nikaenda bombani kuteka maji.

Kurudi, kisahani kitupu. Mama Alphonsine, koko ya Lucie, amekaa chini, anageuzageuza uyoga mumoja mubichi wenye ulibakia.

«Claudine, huu nilichuma chini ya mipichi mipya. Ile ya zamani waliikata, wakaleta miche ingine na udongo wake ndani ya kamyo toka mbali. Kila udongo unazaa uyoga wake. Huu unafanana na wetu, lakini si wetu. Sikiliza...»

Nisikilize nini? «Umeniulia mutoto! Muchawi we!» Nikamufunga Lucie mugongoni, mbio. Nyuma nikamusikia anaita, «Claudine, ngoja kwanza!» Sikugeuka. Njia nzima nilikuwa nashikashika mikono ya mutoto, kuangalia kama inapoa. Ee Mungu wangu, hofu gani ile!

Hospitali, munganga akamuangalia macho, akamubinya tumbo. «Citoyenne, alikula uyoga mwingi?»

«Sikula,» Lucie akasema. «Koko alininyang'anya kisahani. Nina njaa.»

Furaha ikanishika, nikataka kucheka. Halafu ikakatika.

«Koko alikula wote?»

«Wote. Alisema yeye kwanza.»

Nikatoka mbio. Mama Alphonsine alikuwa amefika mpaka kwenye ngazi ya hospitali, ameinama, jasho linamutoka, ameshikilia ule uyoga mubichi ndani ya kitambaa.

«Mupatie munganga auone,» akasema. «Mutoto hakukula?»

«Hapana, Mama. Hakukula hata kidogo.»

«Bon. Nilikuita nikuambie. Lakini wewe unakimbia sana.»

Akaanza kuanguka, nikamudaka, nikaita munganga.