Divai ya Siku ya Maziko

Beñat wa nyumba ya Etxeluze alikufa mwezi wa Septemba, zabibu zimeiva na siku ya kuvuna imekwisha pangwa. Trekta lilimpindukia shamba la chini, pale mteremko unapokatika ghafla kuelekea baharini. Mkewe, Garazi, ndiye aliyemwona kwanza, maana alikuwa anampelekea chakula cha mchana. Nilimsikia akiita jina la mumewe mara moja. Hakuita tena, ndipo nikajua.

Sisi wa nyumba ya Agerre ni jirani wa kwanza wa Etxeluze. Kwetu jirani wa kwanza si yule tu ambaye ukuta wake uko karibu na wako; ni mtu mwenye kazi yake msiba unapoingia. Mume wangu alikwenda kumwita padri, akapita nyumba hadi nyumba kutoa habari, na siku ya maziko yeye ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza ameshika msalaba. Mimi niliachiwa jiko na mizabibu.

Redio ilikuwa imetangaza dhoruba kutoka kaskazini-magharibi. Zabibu zilizoiva zikipigwa na mvua ile hupasuka, na zikishapasuka huozea kwenye vichala. Majirani walinijia mmoja mmoja, kila mtu anaona haya kuuliza. Ikabidi nimwendee Bixenta, mama yake marehemu, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Nilimkuta ameketi kando ya mwanawe, mikono juu ya magoti, hajalia. Aliniambia tuvune. Nilipomuuliza lini, akasema kabla mvua haijafika, hata ikiwa ni siku ya maziko. Garazi alikuwa amelala chumba cha pili kwa dawa ya daktari, na Bixenta akakataza asiamshwe.

Basi siku ya kumzika Beñat, nusu ya kijiji ilikwenda kanisani na nusu ikashuka shambani na mikasi. Tulivuna kimya. Kwa kawaida siku ya mavuno ni siku ya masihara, watu wanataniana kutoka safu hii hadi ile, na Inaxio, mzee wetu mwenye mdomo usiolala, huanzisha nyimbo za aibu mpaka wanawake wamtupie zabibu. Siku ile hata Inaxio aliuma midomo.

Kengele zilikuwa zinalia bado nilipomwona Bixenta anateremka. Alikuwa amevaa nguo zake nyeusi za kanisani, na juu yake amefunga aproni, mkononi mkasi. Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamfuata, nikamwambia kwa upole kwamba jeneza limeshatoka, akienda sasa atawahi. Akanipita. Alikwenda moja kwa moja hadi shamba la chini, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kukanyaga, ambapo majani yalikuwa bado yamelala kwa uzito wa trekta, akaanza kukata. Alivuna safu zile zote peke yake. Sisi wengine tulibeba tu makreti.

Kanisani, mume wangu alinisimulia baadaye, Garazi alisimama peke yake kwenye benchi la mbele, mahali pa mama na mke. Wazazi wake walikuwa nyuma yake, lakini benchi lile ni la nyumba, na wao si wa nyumba. Watu walitazama ile nafasi tupu, wakanong'ona.

Aliporudi, mashine ya kukamulia ilikuwa inanguruma chini, na harufu ya maji ya zabibu imejaa nyumba nzima hadi vyumbani. Bixenta alikuwa jikoni anaosha mikono iliyonata.

"Hata leo, mama?" Garazi alimuuliza.

"Leo ndiyo siku zabibu zilipokuwa tayari," Bixenta akajibu, na hakugeuka.

Mvua ikapiga jioni ile ile, ikapiga siku tatu. Walioacha kuvuna walipoteza karibu kila kitu.

Tangu hapo wanawake wale wawili waliishi nyumba moja kama wapangaji. Waliongea habari ya chumvi, kuni na kuku. Garazi alikwenda makaburini kila Jumapili na kurudi. Bixenta hakuwahi kwenda hata mara moja. Jumapili alikuwa kwenye ghala la divai, anasikiliza matangi. Divai inapochacha hunong'ona, na yeye alikuwa ameijua lugha ile tangu zama za mapipa ya mbao, kabla mwanawe hajaleta matangi ya chuma. Mimi nilikuwa namsaidia kusafisha na kupima ubaridi. Garazi hakuukaribia mlango ule.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Txakoli, divai yetu nyeupe, huonjwa Januari, na walioivuna ndio huitwa kuionja. Pale Etxeluze aliyekuwa akionja kwanza ni Garazi. Beñat ndiye aliyeanzisha desturi hiyo mwaka aliomwoa. Garazi ni mtu wa bara, kutoka Azpeitia, nchi ya matofaa, na Beñat alikuwa akisema sisi wa pwani tumelambwa na chumvi tangu utotoni, ndimi zetu zimekufa ganzi, lakini mkewe ana ulimi ambao haujadanganywa. Akimwona amekunja uso, divai ya tangi lile haiuzwi.

Siku ilipofika tulikusanyika ghalani mchana, nje jua dogo la baridi. Bixenta alikuwa ameweka mezani mkate, jibini na dagaa wa chumvi. Bilauri zilikuwa zimepangwa. Hakuna aliyegusa. Tulisimama tunatazamana viatu. Mwishowe Inaxio akasema, "Jamani, kama ni mbaya nipeni mimi niimalize yote, nisiwaache mpate shida." Wawili watatu wakacheka puani, kisha wakarudia kutazama viatu.

Bixenta akanitazama. Nilielewa, nikapanda juu.

Nilimkuta Garazi anapiga pasi mashati ya marehemu. Alikuwa anayakunja vizuri ayatoe kwa wahitaji, na kila alilomaliza alilifunga kifungo cha shingoni. Nikamweleza kwamba watu wako chini, wanangoja, na kama hataki, mimi mwenyewe nitawaambia waende makwao, hakuna atakayemlaumu. Alimaliza kola aliyokuwa nayo. Akachomoa pasi ukutani, akashuka na ndara zake miguuni.

Watu walimpisha. Bixenta alifungua bomba, akajaza chupa, kisha akainyanyua juu na kuimimina kutoka mbali, kama inavyotakiwa, ili ikipiga chini ya bilauri iamke. Viputo vidogo vikapanda, vikatulia. Akampa.

Garazi aliinusa muda mrefu. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni. Nilimwona akifumba macho. Baadaye, nilipopewa yangu, nilijua alichokutana nacho: ukali safi wa tofaa bichi, viputo vinavyochoma ulimi kidogo kama sindano za baridi, halafu chumvi mwishoni, chumvi kidogo sana, kama umelamba upepo wa pale chini ulipo mteremko. Miaka yote niliyoishi Agerre sikuwahi kunywa txakoli iliyosimama wima namna ile.

Akameza. Akaweka bilauri mezani.

"Ni nzuri," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza." Kisha uso ukamvunjika. "Na mimi nilikuwa namwomba Mungu iwe siki."

"Hata mimi," Bixenta akasema.

Garazi akamtazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Kila asubuhi nikifungua tangi," yule mama akaendelea, "nasema leo nitakuta imeharibika, niimwage, nikalale. Haikuharibika. Ilizidi kuwa nzuri. Ingekuwa na haya ingeharibika."

"Basi kwa nini ulizikata zabibu zile?"

Bixenta alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Kule kanisani alikuwa maiti. Huku alikuwa na kazi aliyoiacha katikati. Mimi ningemfanyia nini kule? Huku nilikuwa na la kumfanyia."

"Ulikuwa na mimi kule," Garazi akasema. "Nilisimama peke yangu, mama. Walinitazama wote."

Bixenta aliacha kufuta meza.

"Sikukufikiria," alisema. "Huo ndio ukweli. Nilimfikiria yeye, na zabibu. Wewe sikukufikiria."

Garazi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikidai muda mrefu, na sasa hajui akiweke wapi. Hakusema amesamehe. Alituambia sisi wengine tunywe, divai isikae wazi ikafa, na tukanywa, kwa kuwa tuliambiwa. Inaxio alilia wazi wazi huku akitafuna mkate. Kisha Garazi akamwambia mama mkwe wake kwamba bado kuna mwanga, waende.

Bixenta hakuuliza wapi. Alitoka vile vile na aproni yake. Njia ya makaburini ilikuwa na tope, na yeye magoti yalikuwa mabovu, kwa hiyo niliwafuata nyuma kidogo, endapo nitahitajika.

Walifika, wakasimama. Bixenta hakujua mikono yake aiweke wapi. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona ameketi bila kazi alikuwa anaikunja, anaikunjua, anaifuta kwenye aproni. Alilitazama jiwe, akatazama nyasi.

"Wamemlaza kichwa upande gani?" akauliza.

Garazi akamwonyesha. Yule mama akazunguka hadi upande ule, akainama taratibu, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakaa hivyo. Garazi alimwacha, kisha akaja akamshika kiwiko, maana alijua hataweza kuinuka mwenyewe.

Divai ile haikufika majira ya joto. Txakoli haihifadhiki, ni ya kunywa mwaka wake, na habari zake zilikuwa zimeenea hadi mji wa Zarautz. Wenye baa walikuja wenyewe na magari. Watu waliisifu mbele ya wale wanawake wawili, nao walishukuru, wakafunga makreti.

Garazi alikaa mpaka mizabibu ikamalizwa kupogolewa. Walipogoa pamoja, mmoja safu hii na mwingine ile, na mara nyingine nilisikia wanaongea habari ya Beñat, upumbavu wake wa utotoni, jinsi alivyoogopa bata. Mwezi wa Machi Garazi aliniambia anarudi Azpeitia kwa wazazi wake. Alisema hana hasira tena, ila kila akiamka na kuona bahari dirishani, kabla hajakumbuka chochote, kifua kinakuwa kimekwisha kumbana. Bixenta alijua. Alikuwa ameshamwita mpwa wake aje akodi mashamba.

Siku ya kuondoka, Bixenta alimfungia jibini na kumwambia asisahau soksi za sufu, maana kwao ni baridi. Hawakukumbatiana, nyumba ile haina mazoea hayo. Basi likaja, Garazi akapanda, akakaa upande wetu. Lilipokata kona Bixenta alibaki amesimama kando ya barabara, mikono ndani ya mifuko ya aproni, nami nikasimama naye mpaka alipotaka kurudi.