Jina Lililosomwa Kama Jibu

Mtu asiye na jina huitwaje katika dua? Swali hilo ninalo bado ninapojinyoosha mkekani kando ya kitanda cha bibi yangu Hadia, anayeugua, kompyuta ikiwa wazi mbele yangu. Ijumaa ni hitima ya ukoo wetu. Marehemu wote watatajwa isipokuwa mama yake Mbaruku, yule aliyekuwa baba yake bibi; mama huyo kila mwaka hupitwa kimya, kwa kuwa hakuna alijuaye jina lake. Mke mwenzangu, bibi ameniambia leo kwa utani wake, nikimkuta bibi yangu huyo huko niendako nitamwamkiaje? Nimemwahidi jibu. Mtandaoni nimeipata kumbukumbu ya ndoa ya Mbaruku, iliyonakiliwa na mkono nisioujua, na penye jina la mama pana neno moja tu: hakujua.

Nafumba macho, na kioo cha kompyuta kinalegea kama maji, nami napita. Niko katika njia isiyo na mwisho, kandoni mji wa vioo, na njia inajikunja, inarudi ilikotoka, na kila ninapofika ndipo nilipoanzia. Mtu asiye na uso ananipokea, kalamu sikioni. Sijapotea, namwambia. Anaandika hewani: hajapotea. Sitaki mzaha. Anaandika: hataki mzaha. Mbona unanigeuza? Mimi ni mnakili, anajibu; hapa kila mimi huwa yeye, msemaji huondoka na msemwa hubaki. Natembea, naye nyuma yangu anaandika, anatembea, anatembea, hadi natambua kwamba njia ninayoikanyaga ni ukili, utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, nao unatoka mikononi mwa mwanamke anayesuka. Shikamoo, bibi. Marahaba. Umechelewa, wewe, au umekuja na miguu ya kobe? Ndiwe mama yake Mbaruku? namuuliza. Ndimi. Jina lako nani? Sikujua. Hata wewe mwenyewe, bibi, hulijui? Anacheka hadi ukili unamtoka mikononi. Kwani nimesema sijui? Nimesema Sikujua. Mama yangu alidhani tumbo ni la shibe, kumbe ni mimi. Nilipotoka akapiga kelele, jamani, sikujua! Basi wakaniita hivyo. Karani wa ndoa aliandika sawasawa alivyotajiwa na mwanangu. Huyo nyuma yako ndiye aliyelisoma jina akadhani ni jibu. Nageuka. Asiye na uso anaandika bado: hakujua, hakujua. Namnyang'anya kalamu, na vioo vyote vinaanguka bila sauti.

Naamka. Shavuni nina alama za ukili. Labda ni za mkeka huu, labda ni za njia ile, na kioo kilicho mbele yangu kimezimika, kinanionyesha uso wangu, nami sina hakika ni yupi kati yetu aliyeamka. Baba mdogo Shehe ameketi kitandani, anamnywesha bibi uji. Msomi amerudi, anasema, umetuletea nini? Nawasimulia. Bibi analirudia jina polepole, Sikujua, kama anayeonja kitu alichowahi kula utotoni. Baba mdogo anatikisa kichwa: dua haisomwi kwa ndoto, mwanangu.

Kweli, baba, nasema, na tulichosoma mtandaoni ni nakala tu. Karatasi yenyewe iko Tanga. Kesho nakwenda kuisoma kwa macho yangu. Ikiwa imeandikwa Sikujua, Ijumaa atatajwa. Ikiwa haikuandikwa, sitamtungia jina.