Joto Lililomrudia Derek

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, ncha ya tungsten ya tochi ya kuchomea, iliyokuwa imechongwa kama penseli, ilikuwa imeyeyuka na kuwa duara kama harage. Derek, mchomeaji vyuma katika karakana ya Karekezi mjini Gisenyi, aliikagua, kisha akaongeza ampea za umeme.

Reli ya ngazi ya hoteli ilitakiwa saa tisa. Karekezi alikuwa ametangaza kwamba atakayeichomea ndiye atakuwa mkuu wa karakana, kisha akampa kazi hiyo Derek, shemeji yake. Umuhoza, mwenye cheti cha TIG, uchomeaji wa ncha ya tungsten, aliambiwa ashike mabomba.

“Derek, tochi iko ku plus,” alisema. “Peleka ku minus, joto mingi iingie mu chuma. Sasa inakurudilia we.”

“Miaka kumi na tatu nimechomea mageti Kampala. Baguette, ile fimbo ya kuchomea, ilikuwa ku plus siku zote.”

“Ile ilikuwa baguette. Hii ni TIG, ncha haitakiwi kuyeyuka.”

“We shika bomba, sister.”

Tochi ikiwa kwenye chanya, takriban theluthi mbili za joto hurudi kwenye tungsten. Kwa kawaida huishia hapo. Siku hiyo lilipita kwenye glavu, likapanda mkono na kutulia mgongoni. Saa nne na nusu kipimajoto kilionyesha nyuzi 180 kati ya mabega. Koti halikuungua. Derek aliomba maji.

Nyirarukundo, anayekaanga sambaza wa ziwani hapo mlangoni, alikuwa ameishiwa makaa. Aliingia na kikaango.

“Chef, inama kidogo. Bon. Usicheke, mafuta itamwangika.”

Samaki waliiva mgongoni mwa Derek kwa dakika nne. Foleni ilifika barabarani, madereva wa pikipiki wakiwa mbele.

Kwa kuwa Derek hakuweza kuinuka, Umuhoza alibadilisha nyaya, tochi ikaenda kwenye hasi. Alichonga tungsten mpya, akachomea viungo vyote ishirini na viwili. Ncha ilibaki kali.

Saa tisa fundi wa hoteli alipitisha kidole kwenye viungo.

“Nani alifanya hii?”

“Derek,” alijibu Karekezi, akiionyesha foleni.

“Patron, ni mi,” alisema Umuhoza.

“Bon, we ulisaidia.”

Saa tisa na nusu Derek alitangazwa mkuu wa karakana, akiwa ameinama. Amri yake ya kwanza ilikuwa kurudisha tochi kwenye chanya. Karekezi aliirudisha mwenyewe.

Saa kumi kamili Umuhoza alitumwa kununua mafuta ya kukaangia.