Wakaguzi Kwenye Mtungi Mmoja

Mashine yangu ya kusaga udaga, ile mihogo mikavu, ilifungwa kusubiri leseni tangu mvua zilipokatika, na mume wangu Fidele uvumilivu ulishamwisha. "Mama Divine, tuiuze tu. Kuna mtu Kasulu anaitaka." Nikamwambia anikome. Nimeilimia maharage mpaka kiuno kikagoma, leo niiuze kwa sababu ya mihuri? Thubutu!

Mtu wa afya hagongi muhuri kabla ya zimamoto. Zimamoto anamsubiri wa mizani. Wa mizani naye anataka kwanza muhuri wa afya. Basi kila mmoja anakuja siku yake kwa bodaboda kutoka Kibondo, anauliza yale yale, anaandika yale yale, anaondoka. Na kwetu Buha mgeni haondoki hivihivi. Niliwapikia hao watu mpaka kuku wakawa wananikimbia.

Mwisho nikasema potelea mbali. Nikawapigia simu wote, pamoja na Bwana Stanislaus, afisa biashara: njooni Alhamisi. Sikuwa na ujanja wowote jamani, nilitaka kupika mara moja tu.

Wakaja. Nikaweka katikati mtungi wa mtobe, ile juisi yetu ya ndizi isiyolevya, maana mimi mlokole, na mirija ndani yake. Wa afya akainama kuvuta.

"Ngoja kwanza, baba. Mtungi hauanzwi mpaka wageni wote wamekaa."

Wakakaa kuuzunguka, magoti yakigusana, Fidele naye kwenye kiti chake pembeni. Wa mizani akaniuliza, "Mama, eneo ni lako au umepanga?" Nikajibu ni langu. Zimamoto naye, "Eneo ni lako au umepanga?" Kabla sijafungua mdomo, wa mizani akamjibu. Wa afya alipouliza, walimjibu wote wawili, wakaangua kicheko.

Bwana Stanislaus hakucheka. "Kwani huyu mama tumemsumbua hivi muda wote huu?"

"Hivi hivi!" nikasema. Hasira zilinipanda, nikamwaga yote, hadi habari ya kuku.

Akainuka. "Twendeni tukague pamoja, tumalize." Wakaingia kwenye kibanda cha mashine, wakaniambia nisogeze ndoo ya mchanga karibu na mlango, nikasogeza papo hapo. Mihuri ikagongwa kwenye meza yangu ya kulia, na leseni Bwana Stanislaus akaiandika hapo hapo. Akasema kuanzia sasa kata yote itakaguliwa hivyo, wote siku moja. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Nikageuka nimtambie Fidele, kumbe kiti kitupu. Mara mashine ikanguruma. Nikakimbilia kibandani, nikamkuta unga umemjaa mpaka kwenye kope, simu sikioni, anamfokea yule mtu wa Kasulu.

"Nasema haiuzwi! Husikii? Haya, sikiliza mwenyewe!" Akainyoosha simu kwenye mashine.